Saidia Fundi kutoka Bohola: Maisha ya Meya William O'Dwyer

Mzee niliyekuwa nikimtunza nyumbani kwake Brooklyn alikuwa na kovu la mviringo juu ya mkono wa kushoto, chini kidogo ya bega. Siku ya kwanza nilipomsaidia kuvaa shati nililitambua mara moja, kwa sababu marehemu mama yangu alikuwa na kovu kama hilo. Ni kovu la chanjo ya ndui. Kwetu Muheza karibu kila mtu wa rika la mama alikuwa nalo, lakini sikutarajia kuliona kwa mtu aliyezaliwa na kukulia New York. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba alilipata mwaka 1947 akiwa mtoto wa miaka saba, baada ya kusimama foleni na mama yake tangu asubuhi, na kwamba meya wa jiji ndiye aliyewataka watu wote wakachanjwe. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemtaja mjomba wake: "Alikuwa mtu wa kwetu, wa Mayo."

Mzee huyo hakuwahi kuishi Mayo, kaunti ya magharibi mwa Ireland. Wazazi wake ndio waliotoka huko, na yeye alikwenda mara mbili tu, zote akiwa mtu mzima. Lakini neno "wa kwetu" alilitamka kwa uzito ule ule ambao mtoto wa Kihaya aliyezaliwa Dar es Salaam hulitamka anapoitaja Bukoba ya babu yake, na tangu siku hiyo nilianza kumsoma meya huyo, kwanza kwa udadisi wa kupitisha zamu za usiku, baadaye kwa sababu niliona katika maisha yake jambo ambalo sisi wahamiaji hatupendi kulisema kwa sauti.

Meya mwenyewe aliitwa William O'Dwyer, na rafiki zake walimwita Bill. Aliapishwa kuliongoza jiji la New York tarehe 1 Januari 1946. Miaka 80 kamili baadaye, tarehe 1 Januari 2026, Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991 na kuondoka Uganda akiwa mtoto mdogo, alishika kiti hicho hicho, na katika makundi yetu ya WhatsApp watu wa Afrika Mashariki walishangilia kana kwamba jiji zima limehamia Kololo. Mimi pia nilishangilia. Hata hivyo, baadhi yetu waliandika kwamba jiji hilo halijawahi kuongozwa na mhamiaji, na hapo walikosea. Mwaka 1880 jiji lilimchagua William Grace, mfanyabiashara mzaliwa wa Ireland. Aliyempokea O'Dwyer kijiti alizaliwa Sicily, na Abraham Beame, aliyeingia mwaka 1974, alizaliwa London. Katiba ya Marekani inamzuia mzaliwa wa nje kuwa rais, lakini ukumbi wa jiji haukufungiwa, na mara kadhaa wahamiaji wameuingia. O'Dwyer ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwa kuwa yeye alipanda ngazi kutoka kipago cha chini kabisa, na anguko lake lilitokana na vitu vile vile vilivyompandisha.

Bohola ni kijiji kidogo katika Kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland, ambako mvua ni nyingi na udongo ni mwembamba. Njaa kuu ya viazi iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni 1 katika nchi nzima na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni 1 kuvuka bahari, na Mayo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. O'Dwyer alizaliwa tarehe 11 Julai 1890, wakati ambapo wazee walioiona njaa hiyo kwa macho yao walikuwa bado wanaota moto vijijini. Baba yake na mama yake wote walikuwa walimu wa shule, na yeye alikuwa wa kwanza kati ya watoto 11. Kwa hiyo tusimfikirie kuwa mtoto wa fukara asiyejua kusoma. Alikuwa mtoto wa mwalimu wa kijijini, yaani wa nyumba ambayo ina vitabu na heshima lakini haina akiba, na nadhani wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliozaliwa katika nyumba za walimu hawahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Familia ilimtaka awe padri. Alipelekwa Hispania, katika chuo cha Waairishi kilichokuwa Salamanca, ambako alijifunza Kihispania ambacho kingekuja kumfaa katika uzee wake kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Baada ya muda aligundua kwamba hakuwa na wito. Wasomaji wa Kilimanjaro na Ruvuma watanielewa nikisema kwamba kijana aliyeacha seminari hakurudi kijijini kwa wepesi, kwa sababu aibu haikuwa yake peke yake bali ya mama yake kanisani, ya baba yake shuleni na ya wadogo zake njiani. O'Dwyer hakurudi. Mwezi Juni 1910, akiwa hajatimiza miaka 20, alishuka bandarini New York akiwa na dola 20 na kitu mfukoni.

Kazi alizozifanya katika miaka iliyofuata ni orodha ambayo mtu wa ughaibuni huisoma akitabasamu. Alifanya kazi dukani, alitia makaa katika matanuri ya meli, alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli ya watu wenye fedha, na katika ujenzi alikuwa yule ambaye kwetu huitwa saidia fundi, mbeba matofali na chokaa juu ya ngazi, ambaye hulipwa kidogo kuliko wote na hutukanwa kuliko wote. Vijana wetu wa leo huiita hali hiyo kubeba boksi, hata kama boksi lenyewe halipo na mtu anaosha wazee au anafagia uwanja wa ndege. Mwaka 1916 alipata uraia, mwaka huo huo akamwoa Catherine Lenihan, aliyekuwa akiunganisha simu hotelini, na mwaka 1917 akaingia jeshi la polisi la jiji na kupangiwa lindo huko Brooklyn.

Polisi ilikuwa hatua ya kawaida kwa Muairishi wa wakati ule. Kilichokuwa si cha kawaida ni kwamba askari huyu, baada ya zamu yake, alikwenda kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Fordham, akahitimu mwaka 1923 na baadaye akavua sare na kufungua ofisi ya uwakili. Mimi niliwahi kujaribu kusoma chuo cha jioni baada ya zamu ya saa 12, na naweza kushuhudia kwamba kitabu cha sheria kikifunguliwa saa nne usiku huwa ni mto wa kulalia. Nilidumu muhula mmoja. Ndiyo maana, pamoja na yote nitakayoyasema hapo mbele, kipande hiki cha maisha yake nakisoma nikiwa nimevua kofia.

Ni lazima nieleze siasa za jiji lile zilivyoendeshwa, kwa kuwa bila kuelewa hilo huwezi kumwelewa O'Dwyer. Chama cha Democratic katika New York kilikuwa na mitambo yake ya kura, mmoja kwa kila eneo kubwa la jiji. Ule wa Manhattan ndio uliojulikana zaidi, ukiitwa Tammany Hall, na Brooklyn ilikuwa na wake. Chini kabisa ya mtambo huo alikuwepo mtu ambaye ningemfananisha na balozi wa nyumba kumi. Alizijua familia za mtaa wake kwa majina, alijua nani amefukuzwa kazi na nani kafiwa, alileta makaa wakati wa baridi, alimtafutia kijana kibarua cha manispaa, alimpeleka mhamiaji mpya mahakamani kuchukua uraia, na siku ya uchaguzi alikuja kudai kitu kimoja tu, kura. Kwa Waairishi, ambao katika nchi yao sheria ilikuwa mali ya mwenye shamba Mwingereza, mtambo huu haukuonekana kama ufisadi. Ulionekana kama ukoo uliopanuliwa. Serikali haikuwa na huduma za ustawi wa jamii za kutosha, na pengo hilo lilizibwa na fadhila.

Pamoja na mtambo huo vilikuwepo vyama vya watu wa kaunti moja moja za Ireland, ambavyo havina tofauti kubwa na vyama vyetu vya watu wa nyumbani vinavyochangishana misiba na harusi huko Bronx na Jersey City. O'Dwyer alikuwa mtu wa watu katika mikusanyiko kama hiyo, mcheshi, mwimbaji, mwenye kukumbuka jina la shangazi yako. Mwaka 1932 aliteuliwa hakimu. Mwaka 1938 akapanda hadi mahakama ya kaunti, na mwaka 1939 akachaguliwa kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Brooklyn, cheo ambacho Marekani hupigiwa kura.

Hapo ndipo jina lake lilipotoka mtaani na kuingia magazetini. Ofisi yake ililivunja genge la wauaji wa kukodiwa ambalo waandishi walilibatiza jina la Murder, Inc., na ilifanya hivyo kwa sababu muuaji mmoja wa genge hilo, Abe Reles, aliamua kusema kila kitu ili aokoe shingo yake. Ushahidi wake ulisaidia kuwapeleka wenzake kadhaa kwenye kiti cha umeme. Hata bosi mkubwa, Louis Buchalter aliyeitwa Lepke, alitiwa hatiani na kuuawa katika gereza la Sing Sing mwezi Machi 1944. Lakini alfajiri ya tarehe 12 Novemba 1941, Reles, aliyekuwa akilindwa na polisi usiku na mchana katika hoteli moja ya Coney Island, alikutwa amekufa chini ya dirisha la chumba chake. Watu wa mitaani walisema kwamba ndege huyo alijua kuimba lakini hakujua kuruka. Kesi iliyokuwa ikingojewa kuliko zote, dhidi ya Albert Anastasia aliyetawala bandari ya Brooklyn, haikufunguliwa kamwe, na baadaye ilibainika kwamba kadi ya polisi iliyoonyesha kuwa Anastasia anatafutwa iliondolewa kwenye kumbukumbu kwa amri ya James Moran, karani mkuu wa ofisi ya O'Dwyer na rafiki yake wa miaka mingi. Naomba msomaji alishike jina hilo la Moran.

Siku chache kabla ya kifo cha Reles, O'Dwyer alikuwa amegombea umeya dhidi ya meya wa wakati huo, Fiorello La Guardia, na kushindwa kwa kura 132,000 hivi. Vita ilipoifikia Marekani alijiunga na jeshi, akapanda hadi cheo cha brigedia jenerali, akatumwa Italia kushughulikia uchumi wa nchi iliyoharibiwa, na mwanzoni mwa 1945 Rais Roosevelt akamkabidhi bodi iliyoshughulikia wakimbizi wa vita. Alirudi nyumbani na sifa ya kutosha. Mwezi Novemba 1945 alishinda umeya kwa tofauti ya kura zaidi ya 685,000.

Alirithi jiji la watu zaidi ya milioni 7 ambalo vita ilikuwa imelichosha, lenye askari wanaorudi bila nyumba za kukaa, na hakupewa hata miezi miwili ya kupumua. Mwezi Februari 1946 wafanyakazi wa tagi, yaani boti za kuvuta meli bandarini, waligoma, na kwa kuwa makaa na mafuta ya jiji yaliletwa kwa majahazi yanayovutwa na tagi hizo, akiba ya kupasha joto majumba ilianza kwisha katikati ya baridi. Tarehe 12 Februari meya aliamuru jiji lifungwe. Shule, maduka, baa na kumbi za sinema zilifunga milango hadi mgogoro ulipopelekwa kwa wasuluhishi. Mwaka uliofuata ndipo ilipokuja ndui. Msafiri mmoja aliyetoka Mexico kwa basi alifia hospitalini mwezi Machi 1947 bila ugonjwa wake kutambuliwa, na ilipothibitika kwamba ni ndui na imeanza kuambukiza wengine, O'Dwyer na kamishna wake wa afya, Israel Weinstein, hawakuficha habari. Meya alichanjwa mbele ya wapiga picha, akawaita watengenezaji wa chanjo na kuwabana waongeze uzalishaji, na ndani ya wiki chache watu zaidi ya milioni 6 walichanjwa. Waliougua walikuwa 12, na waliofariki 2. Yule mzee wangu alikuwa mmoja wa milioni hizo 6, na baada ya kuipitia korona katika jiji hili hili, nikikumbuka magari ya barafu yaliyohifadhi maiti nje ya hospitali, siwezi kuitaja foleni ile ya 1947 bila husuda kidogo.

Yapo mawili mengine ya enzi yake yanayotugusa sisi moja kwa moja. Mwishoni mwa 1946 Umoja wa Mataifa ulikuwa unatafuta makao ya kudumu, na miji mingine ya Marekani, Philadelphia na San Francisco ikiwemo, iliutongoza kwa bidii. O'Dwyer, pamoja na Robert Moses aliyekuwa msimamizi wake wa ujenzi, walipigania ubaki New York, na mwezi Desemba John D. Rockefeller mdogo alitoa dola milioni 8.5 za kununua ardhi kando ya East River, mahali palipokuwa machinjio. Mwezi Machi 1955 Julius Nyerere, akiwa kijana wa TANU, alisimama katika makao hayo mbele ya Baraza la Udhamini kuieleza dunia kwamba Tanganyika inataka kujitawala. Pia mwezi Julai 1948 O'Dwyer alikuwepo, pamoja na Rais Truman, wakati wa kuzinduliwa kwa uwanja wa ndege wa Idlewild, ule ambao leo unaitwa Kennedy, na ambao kwa wengi wetu ndio Amerika ya kwanza kuikanyaga. Mimi niliukanyaga usiku wa Januari nikiwa na sweta la mtumba lililonunuliwa Mchikichini, na wala sikumfikiria mtu yeyote aliyeujenga.

Sifa hazikudumu. Nauli ya treni za chini ya ardhi, iliyokuwa senti 5 tangu mwaka 1904, alilazimika kuipandisha hadi senti 10 mwaka 1948, na wapo waliomkumbuka kwa senti hizo 5 tu. Catherine, aliyeugua kwa miaka mingi, alikuwa amefariki mwaka wa kwanza wa umeya wake. Mwezi Novemba 1949 alichaguliwa tena, na Desemba akamwoa Sloan Simpson, mwanamitindo aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Lakini wakati magazeti yakichapisha picha za harusi, gazeti moja la Brooklyn lilikuwa linachapisha habari za kamari.

Mwendesha mashtaka wa Brooklyn wa wakati huo, Miles McDonald, ambaye O'Dwyer mwenyewe ndiye aliyekuwa amemlea kikazi, alianza kuchunguza jinsi wachezesha kamari za farasi walivyofanya biashara mchana kweupe bila kuguswa na polisi. Katikati ya mtandao huo alikuwepo Harry Gross, ambaye ilidaiwa kwamba aliwagawia polisi kiasi cha dola milioni 1 kwa mwaka. Kwetu tungesema kitu kidogo, lakini hiki hakikuwa kidogo. O'Dwyer aliubeza uchunguzi huo hadharani na kuufananisha na kusaka wachawi. Tarehe 31 Agosti 1950, kabla Gross hajakamatwa, meya alijiuzulu. Truman alimteua kuwa balozi Mexico, na jiji likamuaga kwa maandamano ya heshima, karatasi zikimwagwa kama mvua kutoka madirishani. Kabla ya kuondoka aligawa zawadi kwa watu wake, na Moran akapata kiti cha maisha katika bodi ya maji ya jiji, chenye mshahara wa dola 15,000 kwa mwaka.

Mwezi Machi 1951 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Estes Kefauver ilikuja New York kuchunguza uhalifu wa magenge, na kwa mara ya kwanza mamilioni ya Wamarekani walikaa mbele ya televisheni kutazama mahojiano ya namna hiyo. Frank Costello, bosi wa magenge, alikataa sura yake isionyeshwe, kwa hiyo kamera zikaonyesha mikono yake tu, ikifinyangafinyanga karatasi na leso. O'Dwyer alirudi kutoka Mexico kujibu maswali, akiwa amechoka na akitokwa jasho chini ya taa kali. Alikiri kwamba mwaka 1942 alikwenda nyumbani kwa Costello, akaeleza kuwa alikwenda kwa kazi ya kijeshi, ingawa viongozi wa Tammany walikuwepo sebuleni. Kiongozi wa chama cha wazima moto alitoa ushahidi kwamba alimkabidhi O'Dwyer bahasha yenye dola 10,000 barazani kwenye nyumba rasmi ya meya, na O'Dwyer akakana. Mwaka 1952 Moran alitiwa hatiani kwa kuongoza mpango wa kuwakamua wafungaji wa matanki ya mafuta waliohitaji vibali vya idara ya zimamoto. Alikwenda jela na hakumtaja rafiki yake.

O'Dwyer hakuwahi kushtakiwa kwa kosa lolote. Aliacha ubalozi mwishoni mwa 1952 lakini akabaki Mexico hadi 1960, akiishi kwa Kihispania kile cha Salamanca. Ndoa ya pili ilivunjika. Alirudi New York akiwa mzee, akafariki tarehe 24 Novemba 1964, na jeshi likamzika katika makaburi ya kijeshi ya Arlington.

Je, alikuwa mwizi? Nimeisoma habari yake kwa muda mrefu na sijaridhika na jibu la ndiyo wala la hapana. Ninachokiona ni mtu aliyeshindwa kukata deni la fadhila. Kila kipago cha ngazi yake kilishikiliwa na mtu wa kwao, na kila aliyeshikilia alikuwa na haki ya kuja siku moja kubisha hodi. Kumkatalia Moran, kwa adabu ya mtaa ule, kungekuwa ni kumkana ndugu. Wamarekani wa tabaka la juu waliomhukumu hawakuwahi kuhitaji kutafutiwa kibarua na mtu wa kijijini kwao, kwa hiyo kwao jambo lilikuwa rahisi.

Kwangu si rahisi. Mwaka wangu wa pili hapa, mtu aliyenipokea, aliyenilaza sebuleni kwake miezi minne bila kudai senti na kunitafutia kazi ya kwanza, alikuja kuniomba nimwazime mpwa wake namba yangu ya kazi ili aajiriwe kwa jina langu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimekwisha kupata karatasi. Nilijua kwamba ni kosa la jinai. Nilijua pia kwamba nilikuwa nimekula ugali wake. Sikumkatalia siku ile. Nilimwambia anipe wiki moja nifikirie, na wiki hiyo nikaigeuza mwezi, hadi mpwa akapata njia nyingine na yeye akaacha kupokea simu zangu. Kwenye mikutano ya chama chetu cha nyumbani tunasalimiana kwa mkono, basi. Mimi nilikuwa mtunza wazee, sikuwa meya, na aliyeniomba hakuwa na genge bandarini.

Katika familia ile alikuwepo mwingine aliyechagua njia tofauti. Paul O'Dwyer, kitinda mimba wa wale watoto 11, alikuwa na miaka mitatu kaka yake alipoondoka, na alikuja New York mwaka 1925. Naye akawa wakili, lakini wa watu wasiopendwa na wenye mamlaka: vyama vya wafanyakazi, weusi waliopigania haki zao Kusini, wapinzani wa vita ya Vietnam. Alishindwa chaguzi nyingi kuliko alizoshinda, kisha mwaka 1974 akaingia madarakani kama rais wa baraza la jiji. Alihakikisha kwamba mwaka 1664 ulioandikwa kwenye bendera ya New York, mwaka ambao Waingereza waliuteka mji huo, unafutwa na kuandikwa 1625, wa Waholanzi. Muairishi wa Mayo hakosi nafasi ya kumchokoza Mwingereza, hata kwa uzi na kitambaa.

Wiki chache kabla yule mzee wangu hajahamishiwa kwa binti yake katika jimbo jingine, nilimuuliza waziwazi kama anaamini kwamba meya wao alipokea zile dola 10,000. Alinyamaza kwa muda, kisha akanisimulia kwamba mwezi Machi 1951 nyumba yao ndiyo iliyokuwa na televisheni pekee katika jengo lao, na majirani walijaa sebuleni kuanzia mchana, wakicheka mikono ya Costello na kupitishiana biskuti. Baba yake alikuwa dereva wa basi wa jiji, kazi aliyoipata kwa barua iliyotiwa saini katika klabu ya chama. Sura ya O'Dwyer ilipotokea, baba yake aliinuka, akaizima ile televisheni mbele ya wageni wote, akaketi tena. Hakuna aliyesema neno, na baada ya dakika chache majirani wakaanza kutafuta makoti yao.